Mahindi ya Kuku, Upande A

Jamani, leo nimeanikwa. Nimeanikwa mchana, mbele ya mchungaji, naibu wa chifu, kwaya nzima na nusu ya mtaa wetu wa Langas, nikiwa nimepiga magoti, suruali imepasuka nyuma, na kidole gumba changu kiko ndani ya redio.

Oduor na Kiprono, nawaandikia sasa hivi, jua bado liko juu, kabla habari haijapanda basi kuja huko Nairobi bila mimi. Najua ikiwafikia kwa mdomo wa mtu mwingine itakuwa imeota pembe na mkia. Afadhali mcheke kutoka kwangu. Na kwa kuwa barua zangu husomwa na chumba kizima hapo mnapokaa (najua, msikatae), nitaeleza tangu mwanzo ili hata mgeni asipotee.

Mimi ni Ochieng'. Nafuma vitambaa hapa Eldoret, kiwandani, mashine nambari tano. Nikitoka zamu na kufunga mlango wa chumba changu nakuwa Mashine Tano, mtengenezaji wa muziki wa dansi ambao Eldoret hii nzima unapendwa na mtu mmoja. (Mtu huyo ni mimi.) Binamu yangu alirudi kutoka masomoni Chicago na kanda moja ya muziki ambao wenyewe huko wanauita hausi. Hakuna gita. Hakuna mtu wa kumlilia mpenzi. Ni ngoma moja inapiga sawasawa, ndu, ndu, ndu, ndu, na juu yake vitu vidogo vidogo vinaingia na kutoka. Nilipousikia nilisema huu ni muziki wa kwetu kiwandani. Mashine zangu zimekuwa zikinipigia huo huo miaka minne, na sijawahi kuulizwa kama ninaupenda.

Basi nikanunua kinanda kidogo cha betri kutoka kwa mwalimu wa kujitolea aliyekuwa anarudi kwao. Kinanda hicho kina tundu la kusikia: unakiambia maneno mawili matatu, kinayashika, halafu kila kitufe ukibonyeza kinayarudia, kwa sauti nene au nyembamba. Nina rekoda mbili za kaseti pia. Studio ndiyo hiyo. Toleo la Kwanza lilikuwa la kujaribu. Toleo la Pili nilinakili kanda kumi, nikaandika majalada kwa wino mwekundu. Nne zilikuja kwenu. Sita ziko chini ya kitanda, kwa hiyo mtu akiuliza kama kweli mimi ni msanii wa chini kwa chini, nainama namwonyesha.

Mwenye ploti ninapokaa anaitwa Mama Wangari. Alikuja hapa zamani na mumewe kutoka Nyeri, wakanunua kipande, wakajenga vyumba sita vya mabati, wakafungua duka upande wa barabara na kufuga kuku upande wa nyuma. Ni mama asiye na mchezo. Lakini nilipougua malaria ni yeye aliyeniletea uji siku nne mfululizo, akasimama mlangoni na mikono kiunoni mpaka niumalize. Mumewe, Mzee Ndung'u, alikuwa mtu wa pole pole. Alikuwa na kigoda chake, na alikiweka chini ya dirisha langu kwa sababu kivuli kilikuwa hapo. Tuliongea sana mimi na yeye, yeye akiangalia kuku na mimi nikifungua redio za watu, maana hapo ploti wananijua kama fundi wa redio. Zile ndu ndu ndu nilimwambia Mama Wangari kwamba ni kupima spika. Nimepima spika miaka mitatu.

Mzee alitutoka mwaka jana, mwezi kama huu. Alilala mchana, hakuamka.

Kabla hajatutoka kulikuwa na jambo dogo ambalo liliniuma sana. Mama alikuwa na mkebe wa mahindi ya kuku, na mahindi yale yalikuwa yanapungua kuliko kuku walivyokula. Kila asubuhi tulimsikia uani: "Nani amekula mahindi ya kuku?" Mwanzoni nilicheka. Sauti yake ilikuwa na mdundo. Asubuhi moja nikaweka rekoda dirishani, nikabonyeza, nikaenda kuchota maji, na niliporudi nilikuwa nimempata. Nikampeleka kwenye kinanda. Ndiyo sauti ile ile mliyoniuliza kwenye Toleo la Pili ni ya mwanamke gani, nikawajibu ni msanii ambaye hapendi jina lake litajwe. (Hapendi, kwa sababu hajui.)

Siku ya kuunganisha toleo hilo niliacha kanda ya uani izunguke chini ya ngoma, kwa ajili ya zile kelele za ndoo na kuku. Ngoma zilipoisha saa ya zamu ilikuwa imefika. Nikaacha rekoda zote mbili zikizunguka zenyewe, nikakimbilia kiwandani. Kanda zote kumi nilinakili kutoka hiyo, na mkia wake sikuwahi kuusikiliza. Nani husikiliza mkia wa kanda?

Kicheko kiliniisha siku nilipomwona Mama akitoa mkebe jikoni na kuupeleka chumbani kwake. Alinipita mlangoni bila kuniangalia. Salamu iliendelea, chai iliendelea, lakini nilijua ananidhania mimi. Na utamwambiaje mtu kwamba hujaiba kitu ambacho hajasema umeiba? Nikabaki na hilo jambo kooni mwaka mzima, kama mwiba wa samaki mbuta.

Wiki mbili zilizopita nilienda dukani kwake kununua sukari. Alikuwa anapima, akasimamisha mkono, akasema bila kuniangalia, "Ochieng', uso wake nauona. Hata viatu vyake naviona. Sauti ndio inanitoroka." Halafu akafunga sukari kwenye gazeti kana kwamba hakusema kitu. Picha za Mzee zipo mbili, ya harusi na ya kitambulisho. Sauti hakuna. Nilirudi chumbani nikaziangalia zile rekoda zangu mbili, nikaona aibu. Mtu alikaa chini ya dirisha langu miaka yote hiyo, na mimi nikarekodi kuku.

Kwa hiyo alipoandaa ibada ya kumbukumbu, iwe leo Jumamosi, na kuniomba nimtafutie nyimbo za kwaya kwenye kanda ili zipigwe taratibu watu wakiingia, nilimwambia Mama, hilo niachie mimi. (Mkinisikia nikiyasema maneno hayo tena, nipigeni.) Moyoni nilikuwa nimeapa kwamba kazi hiyo itakuwa safi, mpaka aniangalie usoni tena.

Sasa sikilizeni ujinga wangu.

Kanda mpya sikuwa nayo, na mshahara ulikuwa bado. Nikachukua moja ya zile sita za chini ya kitanda. Nilikuwa nimevivunja vijino vyake vya nyuma, kama mnavyojua, ili mtu asirekodi juu yake. Lakini kila fundi anajua dawa: unaziba tundu kwa kipande cha selotepu, na kanda inakubali kuandikwa tena. Nikaziba. Nikachukua kanda ya kwaya, nikanakili nyimbo sita nzuri za polepole. Zilipoisha nikabonyeza kitufe cha kusimamisha, nikaandika kwenye lebo KUMBUKUMBU YA MZEE kwa herufi kubwa, nikajipongeza.

Upande mmoja wa kanda ile ni dakika thelathini. Nyimbo sita zilikula dakika ishirini na moja. Fundi mwenye akili angeacha rekoda iendelee kimya mpaka mwisho, ifute kila kilichokuwa chini. Fundi mwenye akili hakuwa na zamu ya saa nane.

Leo asubuhi nilivaa suruali ya Mzee, ile nyeusi ya suti ambayo Mama alinipa baada ya mazishi. Niliona ni heshima. Mzee alikuwa mwembamba na mimi siku hizi nakula kwa mama mmoja wa mji wa Burnt Forest anayepika viazi bila huruma, lakini nilivuta pumzi ndani, nikafunga kifungo, nikasema nitakaa nimesimama.

Turubai lilifungwa uani. Viti vilitoka kanisani. Wangari mwenyewe, binti yao, ambaye ni mwalimu huko Kapseret, alitoa redio kubwa ya Mzee na kuiweka kwenye meza yenye kitambaa cheupe, kando ya picha. Redio hiyo naijua kama mke wa mtu anavyomjua mumewe. Kitufe cha kusimamisha kimekwama tangu mwaka jana; ukiweka kanda, inacheza mpaka iishe. Kifundo cha sauti kilidondoka. Unazungusha kwa koleo. Mfuniko wa betri ulipotea, kwa hiyo betri nilizifunga mimi mwenyewe kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, nikazungusha mara saba kama mtu anayefunga kuni. Mama alikuwa ameniomba mara tatu niitengeneze. Mara zote tatu nilimwambia hilo niachie mimi.

Koleo, kwa taarifa yenu, lilikuwa chumbani.

Nyimbo zikaanza. Zilikuwa safi kabisa. Watu waliingia wakaketi, na mama mmoja wa kwaya akaniambia kanda imenakiliwa vizuri. Nikavimba kichwa. Naibu wa chifu akafika, maana siku hizi hata kumlilia marehemu wako lazima mtu wa serikali ajue mko wangapi. Akatoa salamu, akasema tupendane, tulipe kodi, akamalizia kwa ile kaulimbiu ya Rais, Nyayo, mara tatu, tukajibu. Nyimbo zikaendelea chini chini. Mama Wangari alikuwa kwenye kiti cha mbele na kitambaa cheusi kichwani, mikono mapajani. Hakuwa analia. Alikuwa anaangalia ile picha ya kitambulisho kama mtu anayesubiri imjibu.

Mchungaji akasimama. Wimbo wa sita ukaisha wenyewe, saa ile ile. Wallahi nilifikiri ni mkono wa Mungu. Akasema tunyamaze dakika moja, kila mtu amkumbuke Mzee Ndung'u kimoyomoyo. Vichwa vikainama. Kuku wenyewe walinyamaza.

Nikasikia: tk.

Mtu wa kanda anaijua hiyo tk. Ni pale ambapo rekodi mpya imeishia na ile ya zamani inafungua mlango. Damu yangu yote ilishuka kwenye soksi.

Ndu. Ndu. Ndu. Ndu.

Mama mmoja wa safu ya pili akaweka mkono kifuani. Nafikiri alidhani ni moyo wake. Mchungaji alibaki amefumba macho, ila nyusi moja ilipanda. Ndu, ndu, ndu, ndu. Halafu, kwa sauti nene ya kitufe cha chini, ikaja: "Nani. Nani. Nani. Nani amekula. Nani amekula. Nani amekula mahindi?"

Watu wakageuka kumwangalia Mama Wangari. Mdomo wake ulikuwa umefungwa. Yeye naye akageuka kujitafuta.

"Nani amekula mahindi? Na-na-na-nani amekula mahindi?"

Hapo lazima niwaambie kitu. Miezi miwili iliyopita kulikuja mahindi ya msaada, yakateremshwa kwa naibu wa chifu, na wengine wetu tulipata kusimama kwenye foleni tu. Sasa yule mheshimiwa akainuka na kofia yake mkononi, uso umeloa jasho.

"Mimi sijakula mahindi ya mtu," akasema. "Yaligawanywa yote. Orodha iko."

Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza. Kinanda changu kikamuuliza tena, kwa sauti nyembamba.

Hapo ndipo niliruka. Kutoka nyuma ya turubai mpaka mezani ni hatua kama kumi na mbili, nilizifanya nne. Hatua ya tatu suruali ya Mzee ilisema kraaa, na nikasikia upepo wa Langas mahali ambapo upepo haujawahi kufika mbele za watu. Sikusimama. Nikabonyeza kitufe kilichokwama. Nikakibonyeza tena, kama mtu anayetarajia muujiza. Nikaigeuza redio, nikapiga magoti mbele yake, mgongo wangu kwa waombolezaji (mgongo na jirani yake), nikaanza kufungua mpira wa tyubu. Mara saba! Nani hufunga betri mara saba? Nikautoa kwa meno. Betri ya mwisho ikaanza kuchomoka, na muziki ukaanza kuzama, nduuu, nduuu, kama ng'ombe anayelala.

Na papo hapo ngoma zikaisha zenyewe. Toleo lilikuwa limefika mwisho.

Kukabaki kuku. Kuku wa mwaka juzi, wakikwaruza uani. Ndoo ikawekwa chini. Kwa mbali, Mama Wangari, mzima mzima, bila kinanda: "Nani amekula mahindi ya kuku?"

Halafu karibu kabisa, chini ya dirisha langu: kru. Kru, kru. Mtu alikuwa anatafuna kitu kigumu, kwa siri, na kwa raha zake.

Halafu kwa kunong'ona: "Nyinyi kuku, nyamazeni. Mkinisema, Krismasi hamuoni."

Kidole changu kilikuwa kwenye betri. Nilikuwa naivuta. Wangari alikuwa amefika pembeni yangu bila mimi kumwona, akanishika mkono.

"Usiguse," akasema. "Ni Baba."

Betri ilikuwa imetoka nusu, sauti ikaanza kuzama tena. Nikaisukuma ndani kwa kidole gumba na nikaishikilia pale. Mpira wa tyubu ulikuwa umetupwa mbali. Nikiachilia, Mzee ananyamaza. Kwa hiyo sikuachilia. Nilipiga magoti pale, suruali wazi, nyuma yangu imewaangalia mchungaji na serikali, nikamshikilia Mzee Ndung'u kwa kidole kimoja.

Kru, kru. Akakohoa kile kikohozi chake cha kusafisha njia. Halafu akapaza sauti, ile ya mtu asiye na hatia: "Mama Wangari! Uliza Ochieng'. Huyo ndio ako na meno."

(Mzee. Mzee wangu wa dirishani.)

Kru. Kisha, pole pole: "Wachana na kuku, Mama. Kuja tukunywe chai, inapoa."

Kigoda kikalia. Hatua zikaondoka. Kuku wakabaki peke yao tena, mpaka kanda ikafika mwisho wake.

Nilisikia mtu nyuma akivuta makamasi. Daktari alikuwa amemkataza Mzee mahindi makavu kwa ajili ya vidonda vya tumbo, ploti nzima ilijua. Kumbe alikuwa anachota kwenye mkebe wa kuku, anakaanga kidogo kwenye jiko Mama akiwa dukani, na anakuja kuyatafuna chini ya dirisha langu, mahali ambapo hata wakisikia kru watasema ni mimi.

Halafu Mama Wangari akacheka. Kicheko kilianzia tumboni, nikaona mabega yake kwanza, kisha kikatoka, na kitambaa kikamwanguka kichwani asikiokote. Mwaka mzima sijamsikia akicheka. Alicheka mpaka akalia, na alipolia hakuacha kucheka. Akapangusa uso kwa kiganja, akaniambia neno moja:

"Rudisha."

Sasa, redio ile ukishikilia kitufe cha kurudisha nyuma wakati inacheza, kanda inarudi huku inalia wiwiwiwi kama vifaranga. Wangari alishikilia kitufe, mimi nikashikilia betri. Tulimrudisha Mzee mara tatu. Mara ya kwanza watu walisikiliza. Mara ya pili walicheka pale penye Krismasi, hata naibu wa chifu, ambaye alikuwa amekaa tena na anaonekana amepona. Mara ya tatu Mama alisogeza kiti chake mpaka karibu na spika, akainamisha kichwa, na ilipofika "kuja tukunywe chai" niliona midomo yake inatembea pamoja na maneno ya Mzee. Mimi nililia wazi wazi. Kidole kilikuwa kimekufa ganzi, lakini sikulia kwa ajili ya kidole.

Mchungaji akafunga Biblia yake. Akasema, "Marehemu amejisemea mwenyewe. Mimi nitafupisha."

Chakula kikaja. Wangari akanifunga sweta yake kiunoni huku ameuma midomo asicheke, akaniuliza tu kama ile ndu ndu ndu ina jina. Nikamwambia inaitwa Toleo la Pili. Akasema huko shuleni kwake kuna mwalimu wa kiume ana kanda hiyo hiyo, aliipata kwa rafiki Nairobi, na huacha gari la walimu limpite kwa ajili ya kuisikiliza. (Nani kati yenu alimpa? Mwambieni asante.)

Watu walipopungua Mama Wangari aliniita jikoni. Nilikwenda kama mtu anayepelekwa kwa mkuu wa shule. Nilikuwa tayari kuambiwa nitafute chumba kwingine.

"Ochieng'."

"Naam, Mama."

"Kwa hivyo si wewe."

"Si mimi, Mama."

Alikuwa anakoroga majani ya chai ambayo yalikuwa yameshaiva. "Mkebe nimeuweka chini ya kitanda mwaka mzima," akasema. "Na wewe ukanyamaza."

Akasema yule mzee alikuwa mwongo sana, na alivyolitamka neno hilo mtu angedhani anamsifu. Halafu akaniangalia. Jamani, aliniangalia usoni.

"Na hiyo kelele ndio imekuwa ya kupima spika?"

"Ndiyo, Mama. Nisamehe. Nilikuweka kwenye kanda bila kukuuliza."

"Watu wa Nairobi wamenisikia nikiuliza mahindi?"

"Ni wanne tu, Mama."

"Wanne?" Akaacha kukoroga. Naapa aliumia kidogo. "Wanne peke yake?"

Nikamweleza hali ya soko. Akasikiliza kama mwenye duka, akasema shida yangu ni kwamba sikumwambia mapema, kwa sababu siku ile alikuwa amekasirika na sauti haikutoka vizuri. Kesho baada ya kanisa nimrekodi upya. Ameniuliza avae nini. Kwa hiyo Toleo la Tatu nililowaahidi limebadilika, na msanii wangu sasa ana jina na masharti.

Halafu akaingia chumbani kwake. Akatoka na mkebe. Akaweka kikaango jikoni, akamimina mahindi kiganja kimoja, akayazungusha mpaka yakaanza kuruka na kunukia. Aliyamwaga kwenye sahani ya bati, ile ya Mzee, yenye maua ya bluu, akaiweka mbele yangu.

"Kula," akasema. "Wewe uko na meno."

Nimekula, jamani. Ni magumu kama kokoto na sijawahi kula kitu kitamu hivyo. Mama alikaa kwenye kigoda akanisikiliza natafuna, mpaka punje ya mwisho.

Kanda ya leo amebaki nayo yeye. Nimebandua selotepu kwenye tundu zake, na selotepu yangu iliyobaki yote ameichukua. Zile tano zilizobaki amekataza nisirekodi kitu juu yake. Moja ni ya Wangari, moja nawatumia na barua hii, chezeni kwa wenzenu wote mpaka tuzidi wanne. Redio nitaitengeneza Jumatatu, nimeapa, ingawa kile kitufe kilichokwama Mama amesema nikiache hivyo hivyo.

Ombi langu ni moja. Upande A, ngoma zikinyamaza, msiitoe kanda. Subirini. Kuhusu suruali yangu chekeni mnavyotaka, nimewaruhusu. Lakini mkisikia kru, mtu asicheke kwanza. Mzee anaongea, na chai yake inapoa.